Tumbo la ghafla: jinsi ya kumjua mgonjwa wa kisu kabla hujamuandikia UTI au taifodi

Kila wiki napokea picha za karatasi za maabara kwenye simu. Ujumbe unafanana kila mara: "Kaka, huyu tumbo linamuuma tangu jana, Widali (kipimo cha taifodi) imesoma, mkojo una seli za usaha, nimempa sipro (siprofloksasini) na Buscopan ya kulegeza tumbo hajapata nafuu, nifanyeje?" Mimi nauliza vitu vitatu, palsi (mapigo ya moyo kwa dakika) ngapi, tumbo uliligusa likoje, na kama ni mwanamke kipimo cha mimba kimesemaje. Baada ya hapo kimya, alafu dakika kumi baadaye "ngoja nirudi wodini nikamuangalie".

Magonjwa mnayajua, mmeyasoma na mitihani mmefaulu. Kinachowaangusha ni mpangilio, maabara inatangulia, mkono unafuata, na kwenye zamu yenye foleni mkono haufiki kabisa. Kwahiyo mwongozo huu ni wa mpangilio, kwa tabibu na nesi aliyeko zahanati au kituo cha afya, usiku, hamna CT wala daktari bingwa. Swali moja tu ndo tunalitafutia jibu: huyu ni wa kisu, yaani anahitaji chumba cha opareshini leo, au hahitaji? Jina kamili la ugonjwa watalimalizia huko mbele.

Kama wewe sio mtu wa afya na umefika hapa kwa sababu mtu wako anaugulia pembeni yako sasa hivi, usisome mpaka mwisho. Tumbo gumu kama ubao, kuzimia au kupauka, matapishi ya kijani au ya damu, choo na upepo vimegoma huku tumbo linajaa, maumivu kwa mwanamke mjamzito au aliyechelewa siku zake, mtoto anayelia akikunja miguu alafu analegea: yoyote kati ya hayo, mpeleke hospitali yenye upasuaji sasa hivi, na usimpe chakula wala dawa ya kumfanya aharishe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mgonjwa hajaja

- Mashine ya presha inayofanya kazi, kipimajoto, oksimita, na saa ya sekunde (simu inatosha).
- Vipimo vya mimba vya mkojo, na viwe kwenye droo ya chumba unachoonea wagonjwa, visifungiwe stoo na mtu kaondoka na funguo.
- Glukomita na stripu zake, dipstiki za mkojo, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria).
- Kanula (za kuweka kwenye mshipa) za kijivu na za kijani, zile kubwa. Ile ya pinki ni ya kawaida, ya bluu kwa mtu mzima anayevuja damu ndani ni kujidanganya.
- Ringa au salaini (maji ya dripu), angalau lita 3.
- Mpira wa kupitisha puani, kateta na mfuko wa mkojo, glovu, jeli.
- Kitanda cha kumlaza, khanga au shuka ya kumfunika, na pazia. Usicheke, tumbo lililopimwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti na nguo zake zote halijapimwa.
- Simu yenye salio na namba ya daktari wa zamu wa hospitali unakopeleka rufaa.

Ukiwa na altrasaundi au ekisirei shukuru, ila usikwame bila hizo.

## Hatua ya 1: Muangalie, alafu hesabu namba tano

Anza kumpima tangu anaingia mlangoni. Mwenye usaha au uchafu uliomwagika ndani ya tumbo anatembea ameinama, ameshika tumbo, na ukimlaza anatulia tuli kwa sababu kila akijisogeza linamchoma. Mwenye jiwe la figo au utumbo unaojikaza kusukuma kitu anagaagaa, anakaa, anasimama, hapati pozi. Hiyo tofauti peke yake imeshakupa nusu ya njia.

Muulize kuhusu safari. "Ulivyokuja na bodaboda, kwenye matuta ilikuwaje?" Anayekwambia kila tuta alilisikia tumboni utando wake wa tumbo umeshaguswa, na huyo usimuachie.

Kisha hesabu mwenyewe: palsi kwa dakika nzima, presha, pumzi kwa dakika nzima, joto, na rangi (viganja, ndani ya kope, ubaridi wa mikono). Mtoto mhesabie pumzi akiwa hajaanza kulia.

Onyo ambalo naomba ulishike: kijana anaweza kupoteza karibu 30% ya damu yake na presha bado inasoma vizuri, anafidia kwa kukaza mishipa na kukimbiza moyo. Kwahiyo 110/70 isikulaze usingizi kama palsi ni 120 na mikono ya baridi. Namba ya palsi ikishaizidi namba ya juu ya presha, huyo yuko kwenye shoki (damu haivifikii viungo vya kutosha) hata kama anakujibu vizuri na kukuita dokta. Hapo ruka uende hatua ya 7, weka kanula mbili, na haya mengine yafanyike huku maji yanatembea.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba zimeandikwa kwenye faili pamoja na saa. "Vitals stable" sio namba.

## Hatua ya 2: Kipimo cha mimba, bila mjadala

Kila mwenye kizazi, kuanzia aliyevunja ungo mpaka aliyekoma hedhi, ambaye tumbo linamuuma, anapima mimba. Mwanafunzi anapima. Mtawa anapima. Mwenye kijiti, sindano, kitanzi, aliyefunga kizazi, wote wanapima, tena mwenye kitanzi na aliyefunga kizazi mimba ikitokea ndo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya kizazi.

Nikwambie kwanini nimekuwa mkali hivi. Mwaka wangu wa pili kazini, Ijumaa jioni, alikuja binti wa miaka ishirini na kitu, ametembea mwenyewe, anaongea kwa aibu aibu, tumbo la chini linamkata tangu asubuhi. Nikamuuliza siku zake, akasema kaziona wiki iliyopita. Mkojo ukaja na seli za usaha. Nikaandika UTI, nikampa siprofloksasini na Buscopan, nikaita anayefuata. Saa nne usiku wakamrudisha na bajaji, midomo imekuwa kama karatasi, mama yake kamshika kichwa, na anachosema binti ni "bega dokta, bega linaniuma". Palsi 132, namba ya juu ya presha 80. Vipimo vya mimba vilikuwa kwenye droo ileile niliyokuwa nimeegemea kiwiko wakati namuandikia sipro. Alipona kwa sababu dereva wa ambulansi alikuwa hajalala na hospitali ya wilaya walikuwa na damu, mimi sikuchangia chochote kwenye kupona kwake.

Zile "siku" alizoziona wiki iliyopita zilikuwa matone ya mimba iliyotunga nje. Kwahiyo usiishie kwenye "umeona lini", uliza ilikuwa kama kawaida yako? Siku ngapi, pedi ngapi, rangi ileile? Hedhi nyepesi, ya siku mbili, nyeusi nyeusi, isiyofika wakati wake, usiihesabu kuwa hedhi. Wengi wanapasuka kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu hedhi ya kweli, wengine hawajajua hata kama ni wajawazito.

Na bega: damu ikimwagika tumboni inapanda mpaka chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na mshipa wa fahamu wa pale unatoka sehemu moja na ya bega, ndo maana ubongo unasoma bega. Mwanamke wa tumbo na bega, au aliyezimia chooni, ni mimba ya nje mpaka ithibitike vingine.

Kama kaja na mama yake, usimuulize mbele ya mama. "Mama, naomba utupishe kidogo tumpime" inatosha. Na usimuulize tena kama ana mpenzi, chukua mkojo. Mkojo ukigoma weka kateta, huo mkojo utauhitaji hata hivo.

Jibu likiwa chanya na tumbo linauma, ni mimba ya nje mpaka altrasaundi ione mimba ndani ya kizazi. Huna altrasaundi? Rufaa. Likiwa hasi umepunguza kwa kiasi kikubwa sana, endelea, ila kama amepauka na anazimia usibishane na stripu, angalia na tarehe yake ya kuisha muda.

## Hatua ya 3: Maswali machache, yaulizwe vizuri

Mgonjwa atakwambia "linasokota", "linakata", "linawaka", "limenishika", au atakuja na jina kabisa, "nina chango", "ni ngiri hii". Usimcheke na usiliandike hilo jina, muulize analoliona yeye.

Lilianzaje? Anayekumbuka dakika ("nilikuwa nainua ndoo") mfikirie kitu kilichopasuka, kutoboka au kujinyonga. Lililoanza polepole na kuzidi kwa saa nyingi ni uvimbe wa maambukizi, kidole tumbo na wenzake.

Lilianzia wapi, sasa hivi liko wapi? Kuanzia kitovuni alafu kuhamia kulia chini ni kidole tumbo kinakutambulisha chenyewe.

Kutapika kulikuja kabla au baada ya maumivu? Maumivu kwanza, kutapika baadaye, elekea kwenye upasuaji. Kutapika na kuharisha kwanza, maumivu baadaye, mara nyingi ni chakula. Mara nyingi.

Choo na upepo? Uliza waziwazi, "umejamba leo?" Watu wanacheka lakini wanajibu. Choo kimegoma, upepo umegoma, anatapika na tumbo limejaa, utumbo umeziba.

Dawa? Hapa chimba. Diklofenaki za dukani kwa ajili ya mgongo, miezi, tumbo tupu: hao ndo wanatobokewa. Uliza na mitishamba na maji ya kuingiza kwa chini.

Malizia na opareshini za zamani (kovu la uzazi au la kidole tumbo linaweza kuleta kamba za kuziba utumbo), sikoseli, kisukari, VVU, na kama alipigwa au kuanguka siku za karibuni.

## Hatua ya 4: Mkono

Mlaze chali, mto kidogo kichwani, magoti yakunjwe, mfunue kuanzia chini ya matiti mpaka katikati ya mapaja, khanga ifunike sehemu za siri mpaka zamu yake ifike. Ndio, mpaka mapajani. Mzee mmoja alilazwa kwetu siku mbili na "gastro" (maambukizi ya kuharisha na kutapika), anatapika, tumbo kama ngoma, dripu zinapishana. Siku ya tatu nesi akimbadilisha shuka ndo akaona kitu kama yai la bata kwenye kinena, ngozi imeshabadilika rangi. Ngiri iliyonasa. Mzee wa watu alikuwa anaona aibu kusema, na sisi wote watatu tuliompitia hatukumvua suruali.

Mpangilio wangu ni huu.

Kwanza angalia. Limejaa? Linapanda na kushuka anapopumua? Tumbo lisilosogea kabisa na pumzi lina shida. Makovu, chale mbichi (zinakuonyesha pale mganga alipoambiwa panauma), vinena vyote viwili.

Mwambie akohoe. Akikunja uso na kushika sehemu moja, umeshapata sehemu. Mtoto mwambie aruke kwa mguu mmoja, asiyeweza au anayekataa kuruka kwa sababu ya tumbo mchukulie kwa uzito.

Gonga taratibu kwa vidole. Hii imebeba kazi yote ya ule mtindo wa kubonyeza kwa nguvu na kuachia ghafla, ambao unamtesa mtu na kumfanya akaze tumbo usiweze kupima tena.

Kisha bonyeza, mkono uwe na joto, anza mbali na panapouma, macho yako yawe usoni kwake. Tofautisha vitu viwili. Anayekaza kwa woga ukimpigia stori analegea. Aliyekaza bila hiari halegei hata umuulize habari za shule ya mtoto wake. Likiwa kama ubao kote, umemaliza upimaji, ni kisu.

Bonyeza kushoto chini, akisikia maumivu kulia chini, kidole tumbo tena. Sehemu yenyewe ni theluthi moja ya njia ukitoka kwenye mfupa wa nyonga kuelekea kitovu.

Malizia na zile sehemu zinazorukwa: vinena, korodani kwa kila mvulana na mwanaume, kiuno nyuma, kidole njia ya haja kubwa, na kwa mwanamke njia ya uzazi, nesi wa kike akiwepo. Mvulana wa miaka 14 atakwambia tumbo kwa sababu kusema korodani ni aibu, na korodani iliyojinyonga ina kama saa 6 tu za kuokolewa vizuri.

Onyo: mzee sana, mwenye VVU iliyoendelea, anayetumia predinisoloni, na mwanamke aliyetoka kujifungua, hao wanaweza kuwa na tumbo lililotoboka na bado laini. Kwao amini palsi kuliko ukaaji wa tumbo.

Mafanikio hapa ni kuweza kuandika sentensi moja: "tumbo linasogea na pumzi, laini, linauma kulia chini, limekaza hapo tu, vinena vitupu". "Abdomen tender" haimsaidii anayempokea.

## Hatua ya 5: Linganisha ulichokipata

Ubao. Maumivu kama kisu kwenye chembe (juu ya kitovu, chini ya kifua), yameanza ghafla, sasa yamesambaa kote, hataki kusogea: kidonda cha tumbo kimetoboka. Kuna ujanja mmoja mbaya hapa, baada ya saa kadhaa maumivu yanaweza kupungua na mgonjwa akakwambia afadhali, huku palsi inapanda. Usimruhusu. Kama alikuwa na homa wiki mbili tatu kisha ghafla tumbo likawa baya, fikiria taifodi iliyotoboa utumbo mdogo. Hapo ndo taifodi ya kweli ilipo, na dawa yake ya kwanza ni rufaa.

Ngoma. Limejaa, linakuja na kuachia, anatapika, hajambi. Angalia ngiri na makovu. Tumbo kubwa mno, hasa kwa mwanaume, utumbo mpana umejinyonga, na ekisirei itakuonyesha kitu kama punje kubwa ya kahawa. Maumivu yaliyokuwa yanaachia yakigeuka kuwa ya moja kwa moja, na homa ikaingia, utumbo unaanza kufa na saa zinahesabika. Mtoto mwenye minyoo mingi anaweza kuziba pia. Usimpe dawa ya minyoo wakati ameziba kabisa.

Kulia chini. Kidole tumbo, mimba ya nje, mfuko wa mayai uliojinyonga, maambukizi ya mirija. Mgonjwa wa kidole tumbo hana hamu ya kula. Anayekuomba chipsi nina mashaka naye. Usisubiri homa kali, ikifika 39 mara nyingi kimeshapasuka.

Kulia juu. Kifuko cha nyongo, au jipu la ini: homa, panauma ukigonga kwenye mbavu. Maumivu makali ya chembe yanayopenya mgongoni kwa mnywaji wa pombe ni kongosho.

Mtoto mdogo, hasa miezi 4 mpaka 10. Analia kwa mikupuo akikunja miguu, katikati analegea kama amechoka, baadaye kamasi yenye damu nyekundu kwenye nepi. Utumbo umejichomeka ndani ya utumbo. Akitapika kijani, usisubiri damu. Wengi wanaandikiwa kuhara damu na kupewa metronidazoli, kwahiyo fungua nepi uangalie mwenyewe.

Tumbo laini, mgonjwa anapiga kelele. Usiseme anajifanya. Mzee mwenye moyo unaodunda bila mpangilio anaweza kuwa na damu iliyoganda na kuziba mshipa wa utumbo. Mzee mvutaji mwenye maumivu ya ubavu na mgongo, aliyezimia, mshipa mkubwa wa tumbo unaweza kuwa umepasuka, usimuite mgonjwa wa mawe ya figo.

Tumbo linasingiziwa. Pima sukari kila mtu: kisukari kilichopanda sana kinaleta maumivu na kutapika kama vya upasuaji, na pumzi ndefu za haraka. Chembe inayobana na jasho la baridi kwa mtu mzima, hasa mwenye kisukari, inaweza kuwa moyo. Mtoto mwenye homa anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika (mwaka 1 mpaka 5) sikiliza mapafu. Mwenye sikoseli shika bandama kila mara, ikivimba ghafla na mtoto amepauka ni dharura ya damu.

## Hatua ya 6: Vipimo, na uongo wao

Widali usiitumie kuamua tumbo la ghafla. Inasoma kwa taifodi ya zamani na kwa maambukizi mengine.

MRDT chanya haifuti kidole tumbo. Huku kwetu mtu anaweza kutembea na vimelea bila kuumwa, na kipimo kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya dawa. Tibu malaria, endelea kulitafuta tumbo.

Seli za usaha kwenye mkojo: kidole tumbo kinacholala karibu na kibofu au mrija wa mkojo kinazileta. Mwanamke akitoa mkojo wa kupima bila kujisafisha, nazo zinaingia.

Wingi wa damu (hemoglobini) saa za kwanza unadanganya. Mtu anayevuja damu anapoteza maji na seli za damu kwa pamoja, kwahiyo 11 inabaki 11 mpaka maji yaingie kuichanganya. Seli nyeupe zikiwa kawaida, nazo hazimtoi mtu hatarini.

Ekisirei ya kifua amekaa wima kama dakika 10 ndo inaonyesha hewa chini ya kiwambo. Ukiiona, kisu. Usipoiona na tumbo ni ubao, bado kisu.

## Hatua ya 7: Anza matibabu huku unatafuta gari

Asile, asinywe. Kanula mbili kubwa, chukua damu ya grupu hapohapo.

Mwenye maambukizi au aliyeziba utumbo, mtu mzima, lita 1 ya Ringa haraka alafu pima tena. Anayevuja damu usimfurike, toa mililita 250 mpaka 500, lengo namba ya juu ya presha ifike 80 mpaka 90 na aendelee kuongea, ukiipandisha mpaka 120 unasukuma damu itoke zaidi na kuifanya nyepesi isigande. Anachohitaji ni damu na daktari wa upasuaji.

Anayetapika au aliyejaa, mpira puani, mfuko uwe chini. Kateta, lengo ni mkojo nusu mililita kwa kila kilo kwa saa: mtu wa kilo 60, mililita 30.

Ukishuku kutoboka au usaha, seftriaksoni gramu 1 mpaka 2 na metronidazoli miligramu 500 kwenye mshipa baada ya kuuliza mzio. Watoto kwa uzito.

Maumivu yatibiwe. Ile habari ya "usimpe dawa utaficha dalili" imeshapitwa, mgonjwa aliyetulia anapimika vizuri zaidi. Parasetamo gramu 1 kwenye mshipa, tramadoli miligramu 50 mpaka 100 taratibu, au mofini kidogo kidogo ukiangalia presha na pumzi. Diklofenaki ya sindano weka pembeni kwa unayemshuku kidonda, damu au figo. Na marufuku enema (maji ya kuingiza kwa chini) na dawa za kumfanya aharishe.

## Hatua ya 8: Piga simu ya rufaa inayoeleweka

Usianze na "nina mgonjwa wa tumbo". Sema hivi: "Mwanamke miaka 24, mimba chanya, tumbo la chini limekaza, amepauka, palsi 124, presha 90/60, nashuku mimba ya nje imepasuka, tunaondoka saa tatu na dakika arobaini, tutafika baada ya kama saa moja, andaeni damu." Atakayepokea ameshaanza kumuita mtu wa ganzi kabla hujakata.

Kwa Tanzania, mfumo wa m-mama kwa namba 115 ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mimba ya nje nayo ni mimba, ipigie.

Ndugu wapande wawili wanaoweza kutoa damu, sio mashangazi watano na mabegi. Barua iwe na namba zako tano, saa ya kila dawa, na ile sentensi ya hatua ya 4. Muuguzi aende naye.

## Hatua ya 9: Wale unaobaki nao

Hapa ndo wengi mnapojikwaa kimyakimya. Tumbo laini, namba nzuri, mimba hasi, hujapata jibu. Andika "maumivu ya tumbo, sababu bado", usiandike gesi. Na usimuite mtu gastro kama haharishi.

Mbakize, mpime tena baada ya saa 4 mpaka 6, mkono uleule kama inawezekana, kwa sababu wewe ndo unakumbuka lilikuwaje. Palsi imepanda kutoka 88 mpaka 104? Alikuwa anageuka kitandani sasa hageuki? Huo ni ugonjwa umejitokeza, rudi hatua ya 7. Nimewahi kukamata vidole tumbo viwili saa tisa usiku kwa kurudi tu kubonyeza, hamna kipimo kipya.

Akitulia, anakunywa chai hatapiki, anatembea wima, anaweza kwenda. Mwambie mbele ya atakayelala naye, kwa maneno haya: "Sijui bado kilichokuwa kinakuuma. Ukitapika tena, ukipata homa, maumivu yakihamia kulia au yakizidi, ukizimia, choo na upepo vikigoma, usingoje asubuhi, rudi hata saa nane usiku. Na hata ukiwa mzima, kesho saa mbili asubuhi nataka nikuone." Alafu andika namba yake ya simu kwenye faili. Saa tatu akiwa hajaonekana, mpigie.